Ngumi Ni Tano

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Nimesoma hadi darasa la saba tu, na hata huko sikuwa mtu wa kuandika sana. Mkono ninaoandikia sasa ni wa kushoto, nimeuzoesha ukubwani, na ukurasa mmoja unanimalizia asubuhi nzima. Ukifika mahali pasiposomeka, ruka, endelea mbele, utanikuta.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeniambia niandike. Alisema anapokea wagonjwa wapya wanaomuuliza yale yale niliyomuuliza mimi, na majibu aliyonayo yeye ni ya dawa. Haya mengine, alisema, waeleze wewe uliyepita. Kusema mbele ya watu siwezi. Basi naandika.

Ugonjwa wangu ni ukoma. Naanza kwa kuutaja kwa sababu nyumbani kwetu haukutajwa. Walisema "hali yake", au walinyamaza na kutazama chini.

Tunaishi njia ya kwenda Mnazi Bay, ndani kidogo, kwenye mikorosho. Nyumbani tupo wanne: Bibi, aliyemzaa mama yangu, dada yangu Hadija, mwanawe Somoe, na mimi. Baba yake Somoe alivuka Ruvuma kutafuta kazi wakati mtoto bado anatambaa, na salamu zake huja kwa nadra.

Nilikuwa na baka kwenye paja kwa muda mrefu, limefifia rangi, haliwashi. Tulidhani ni mba. Halafu msimu mmoja wa korosho, jioni, niliepua sufuria ya muhogo jikoni bila kitambaa huku nikiongea na Hadija. Yeye ndiye aliyesikia harufu. Akasema, "Bakari, unaungua." Nikatazama mkono wangu wa kulia, ngozi imeshabadilika. Maumivu hayakuja. Nilikaa nayasubiri mpaka chakula kikapoa.

Kwenda kliniki mjini nilipelekwa na Issa wa bodaboda, tuliyekaa naye dawati moja shuleni. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Aliniambia nishike chuma cha nyuma, nisimshike bega, kwa kuwa bega linamuuma. Jana yake nilimwona amebeba mfuko wa saruji kwenye bega hilo hilo. Nikashika chuma. Barabara ile ina mashimo, na mkono usiohisi hujui kama umeshika au umeachia, kwa hiyo nilikuwa nageuka nyuma kuutazama.

Kwenye benchi la kliniki yetu tunakaa pamoja na wagonjwa wa kifua kikuu. Siku ya kwanza mzee mmoja wa Mtawanya, mwenye kikohozi, aliniuliza kama na mimi ni wa kifua. Nikatikisa kichwa. Akanitazama mikono, akasogea hadi mwisho wa benchi. Baada ya muda akacheka peke yake, akarudi pale pale alipokuwa. "Nimejisahau," alisema. "Hapa wa kukimbiwa ni mimi." Hatukuongea tena, lakini bega lake liligusana na langu mpaka nilipoitwa. Mzee yule sijui alipo. Nilimkumbuka mwaka mzima.

Dozi ya kwanza ya kila mwezi unameza mbele ya muuguzi, zilizobaki unaondoka nazo kwenye pakiti. Siku hiyo mkojo unakuwa mwekundu. Mimi nilidhani ni damu, nikakaa nyuma ya choo nimeshika kichwa, nikijiandaa kufa. Ni dawa tu. Wewe usikae nyuma ya choo.

Kufikia pakiti ya tatu, kwa dawa hizo hizo, ngozi yangu ilikuwa imekuwa nyeusi ya kung'aa, kama kiatu kilichopigwa rangi. Bibi huwa ananiita mume wangu, kama mabibi wote. Alinizunguka akinikagua, akasema, "Sasa ndiyo nimeolewa na Mmakonde. Yule wa kwanza alikuwa wa kuchovya." Nilicheka. Kisha nikaenda kujitazama kwenye kioo cha Hadija, na kicheko kikakatika.

Muuguzi alitueleza kwamba mtu akishaanza dawa hamwambukizi mwenzake tena. Hadija alikuwepo, aliitikia. Tuliporudi nyumbani alininunulia sahani ya plastiki ya bluu na kikombe cha bluu, na chakula changu kikawa kinaletwa barazani. Sikumlaumu. Alikuwa na mtoto. Ila kula peke yako, huku unasikia wenzako wakila upande wa pili wa ukuta, chakula hakina chumvi hata kikiwa nayo.

Sikukuu ilikuja tukiwa bado kwenye mvua. Baada ya sala watu walipeana mikono. Walipofika kwangu waliweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, kwa adabu kabisa, mmoja baada ya mwingine. Nikawajibu vivyo hivyo. Nilikwenda na kurudi bila kugusana na mtu.

Mvua hizo hizo ndizo zilizoondoka na mkono wangu. Mishipa ya viwiko ilivimba ikauma, nikapewa vidonge vingine vilivyoniumua uso kama andazi na kunipa njaa ya aibu. Mkono wa kushoto ulipona. Wa kulia, vidole vilianza kujikunja, kwanza kidole kidogo cha mwisho, kisha jirani yake, kisha vyote, vikaingia kiganjani vikakaa. Kidole gumba tu ndicho kilichobaki na akili. Bibi alinichomekea kijiko kwenye ngumi ile ili nile kwa mkono wa kulia kama Mwislamu. Nikitoka nje niliificha kwenye mfuko wa koti, jua likiwaka vipi.

Somoe alikuwa ameanza darasa la awali mwezi wa kwanza. Siku moja katikati ya mvua walipangwa duara waimbe wameshikana mikono, na watoto wa kushoto na kulia kwake wakakataa kumshika. Mama zao walikuwa wamewakanya. Mwalimu wao akaja kuziba nafasi. Somoe alitusimulia mwenyewe huku anamenya embe, bila kulia. Aliinua mkono mmoja: "Huu Mwalimu aliushika." Akainua wa pili. "Huu ulibaki."

Kesho yake Hadija hakumvalisha sare. Hakuna aliyesema ni kwa sababu yangu. Hakukuwa na haja.

Kwa hiyo Hadija akienda shambani, nyumbani tulibaki Bibi, mimi na Somoe. Mwanzoni niliambiwa nimwangalie tu asitoke barabarani, nikae mbali kidogo. Baadaye Hadija akasema, bila kunitazama, kwamba kama naweza nimshikishe hesabu, kujumlisha na kutoa, mtoto asisahau yote. Mwaka ukiisha angejaribu tena kumwandikisha, safari hii darasa la kwanza moja kwa moja. Kumrudisha awali kwenye duara lile hataki. Bora akae nyumbani mpaka aote ndevu, alisema.

Tulianza saa nne asubuhi, Bibi akiwa karibu anachambua korosho. Nilipanga kokoto kwenye mkeka: tatu huku, mbili kule, ni ngapi zote? Shida ilikuwa kuziokota. Mkono wangu wa kushoto wakati huo ulikuwa bado mjinga, na wa kulia nilikuwa nimeufunika shuka. Kokoto zilinidondoka, zikabingirika, Somoe akawa anazifukuza badala ya kuzihesabu. Nikamwambia tutumie vidole. Moja, mbili, tatu, nne, akafika tano, akanyoosha kiganja chote kama nilivyofundishwa mimi shuleni.

Bibi akaguna. Alisema hao wa siku hizi wanahesabu kama ombaomba. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akahesabu Kimakonde mpaka nne, na alipofika tano akafunga ngumi. "Ikitimia tano unafunga," alimwambia Somoe. "Imekamilika, ipo ndani. Mkono wazi bado unaomba."

Ndivyo walivyohesabu wazee wote wa kwetu. Ngumi ni tano. Ngumi na kidole kimoja cha mkono wa pili ni sita, na hata kwa maneno ya Bibi sita ni tano na moja. Ngumi mbili zikigongana ni kumi. Mimi niliyajua hayo utotoni, shule ikayafuta.

Somoe aliyapenda papo hapo. Alifunga ngumi akaongeza vidole viwili, akasema saba. Akaongeza vitatu, nane. Nikamwuliza tano na saba. Akafunga ngumi moja kwa ile tano. Akaanza kutengeneza saba, akaona mikono imemwishia. Akamtazama Bibi, lakini Bibi mikono yake ilikuwa kwenye korosho. Ndipo akalivuta shuka langu.

Sikumwahi. Mkono ulikuwa pale kwenye mkeka, mweusi, umejikunja, una kovu la sufuria.

"Kumbe yako imeshafungwa," alisema. "Hii ni tano tayari."

Akaushika, akauweka karibu na ngumi yake, akanyoosha vidole viwili vya mkono uliobaki. Kumi na mbili. Kwa kidole gumba nilihisi joto la mkono wake. Kwingine niliona tu. Nilimwambia amepata, na nikainamisha kichwa nijifanye natafuta kokoto.

Tangu hapo mkono wangu ukawa kifaa cha kufundishia. Alikuja mwenyewe saa nne, akaketi upande wa kulia, akauchukua bila kuomba. Kujumlisha tulikwenda vizuri. Kutoa ndiko kulikotushinda. Saba toa mbili, sawa, unashusha vidole viwili, ngumi inabaki. Lakini saba toa tatu, lazima ngumi ifunguke utoe kimoja ndani yake, na yangu haifunguki.

"Mjomba, fungua."

Nikamwambia haifunguki.

"Nifungue mimi?" Akainua kidole kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kila alichokiachia kilirudi. "Sasa wewe ukitaka kutoa moja unafanyaje?"

"Sijui."

"Mume wangu huyo bahili," Bibi akasema kutoka kwenye korosho zake. "Kupokea anajua, kutoa hajui."

Somoe alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Kisha akapata njia yake mwenyewe: hesabu za kujumlisha tunatumia ngumi yangu, za kutoa tunatumia yake. Hivyo ndivyo tulivyosoma kiangazi chote.

Hadija alitukuta siku moja aliporudi shambani mapema. Alisimama na jembe begani, akamwona mwanawe ameukumbatia mkono wangu. Alimwambia mtoto akanawe. Somoe akaenda, akanawa, akarudi, akaushika tena tuendelee. Hadija akaingia ndani. Kesho yake kulikuwa na ndoo ya maji na sabuni barazani, kwa ajili ya mtoto. Somoe alinawa, na mimi nikawa naloweka mikono yangu humo humo kabla ya kupaka mafuta, kama muuguzi alivyonielekeza. Ndoo ile Hadija aliijaza kila asubuhi, na hakuuliza ni nani anayeimaliza.

Sitaki uone kama nyumba ilijaa furaha. Somo letu halikuchukua hata saa moja, kisha mtoto alikimbilia michezo yake, na siku ilikuwa bado ndefu. Issa alipita akapiga honi bila kusimama. Vijana wenzangu walicheza mpira nyuma ya kwetu, na mpira ukiangukia uani waliomba Bibi awarushie, hata nikiwa nimesimama karibu na huo mpira. Niliingoja saa nne kama mtu anavyongoja kuitwa jina kwenye benchi. Lakini siku moja, pakiti ya nane au ya tisa, ugali wangu ulikuja kwenye sahani nyeupe ya udongo, kama ya wote. Hadija aliona nimeitazama. "Ile ya bluu imepasuka," alisema. Haikuwa imepasuka. Niliiona baadaye, kuku wananywea maji.

Uandikishaji ulikuja korosho zikiwa zimeanza tena kuanguka. Somoe alikataa kwenda bila mimi. Ni mtoto wa aibu kama mimi, mbele ya mgeni mdomo wake unafungwa kabisa. Nikavaa koti, nikaingiza mkono mfukoni, tukaenda sisi watatu.

Mwalimu aliyekuwa anaandikisha alikuwa mtu wa bara, mchangamfu. Alikaa mezani ndani ya darasa, wazazi na watoto kwenye madawati, na mimi nikasimama mlangoni. Alisema mtoto asiyemaliza awali atamsikiliza kwanza. Hadija akamsogeza Somoe mbele.

Akaulizwa mbili na mbili. Akanyoosha vidole vinne, kimya. Mwalimu akasema vizuri. Akaulizwa nne na moja. Akainua ngumi.

Mwalimu akasubiri. "Hakuna kitu? Haya. Tano na tatu?" Somoe akainua ngumi, na mkono wa pili vidole vitatu. "Tatu," Mwalimu akasema kwa huruma. Akamwuliza tatu na sita. Ngumi, na vidole vinne. Mwalimu akaweka kalamu chini.

Alimwambia Hadija asivunjike moyo, mtoto anaweza hesabu ndogo ndogo, aanze awali upya mwakani, atakuwa sawa. Hadija alijibu kwamba nyumbani anajumlisha hata usingizini. Mwalimu akasema kila mama humwambia hivyo. Nikamwona dada yangu anamshika mwanawe mkono, na nikajua anamrudisha nyumbani, na nyumbani ndiko atakakobaki.

Nitasema ukweli. Mguu wangu haukunyanyuka mara moja. Somoe akirudi nyumbani, saa nne yangu inarudi naye, mwaka mwingine mzima. Na kueleza kosa lilipo, ilinibidi niingie kati ya watu wote wale na kuutoa mkono mfukoni. Kunyamaza kulikuwa rahisi pande zote mbili. Kisha Somoe akageuka kunitafuta, ngumi yake bado iko juu. Alikuwa amejibu yote sawasawa, na hakuelewa amekosea nini.

Nikaingia. "Samahani, Mwalimu," nilisema, na sauti ilikuwa ndogo mpaka ikabidi nirudie. Nikautoa mkono nikauinua. "Kwetu sisi hii ni tano."

Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya gauni lake, nililiona hilo. Mwalimu alitazama mkono wangu, akatazama ngumi ya Somoe. Akaniuliza sita inakuwaje. Nikaongeza kidole kimoja cha kushoto.

"Aisee," alisema taratibu. "Mimi kwetu ngumi ni ngumi." Baba mmoja nyuma akacheka, akasema kweli, mama yake huhesabu hivyo. Mwalimu akachukua kalamu tena, akainama kumwelekea Somoe. "Kumbe ulikuwa unanijibu. Haya nipe kumi na mbili."

Somoe akafunga ngumi moja. Mkono wa pili akanyoosha vidole viwili. Akanitazama. Nikapiga hatua, nikaweka ngumi yangu kando ya yake, mbele ya watu wote.

"Sasa toa tano," Mwalimu akasema.

Hakufikiri. Alinisukuma mkono kwa kiwiko, taratibu, mpaka ukashuka ubavuni kwangu. Mbele ya Mwalimu ikabaki ngumi yake na vidole viwili.

"Saba," alisema, kwa mdomo wake.

Akaandikishwa darasa la kwanza. Njiani Hadija alitembea kando yangu, si mbele. Mkono ulikuwa nje ya mfuko.

Pakiti yangu ya mwisho iliisha kabla shule hazijafunguliwa. Muuguzi alinifumbisha macho, akanigusa gusa mikono kwa ncha ya kalamu, niseme anapogusa. Kwenye vidole vya kulia nilisema kidogo sana. Ugonjwa umeisha, alisema, ila ulichochukua umeondoka nacho. Nakwambia hili usije ukakaa unangoja kama nilivyongoja. Wahi, vidole vikiwa bado vinafunguka. Na kila jioni tazama mikono na miguu yako kwa macho, kwa sababu yenyewe haitakwambia.

Somoe sasa ana jirani wa dawati. Nilimwuliza kama anamshika mkono, akaniona mjinga. Wanagombana kama watu wengine. Jioni hufanya kazi zake za shule barazani. Juzi alikuwa na nane jumlisha sita. Nikaketi kushoto kwake, nikaweka ngumi kwenye mkeka mahali pake pa siku zote.

Aliitazama, akanitazama, akajibu kwa adabu ya mtoto wa shule: "Siihitaji, Mjomba. Nimeshaipata kichwani."

Ilikuwa kumi na nne. Alikuwa sahihi. Nikaurudisha mkono.

Kwa hiyo saa nne asubuhi ndiyo saa yangu ngumu siku hizi. Bibi huwa amesinzia, Hadija yuko shambani, na kutoka shuleni nasikia darasa zima likihesabu kwa pamoja, sauti moja, siwezi kujua ipi ni yake. Wewe unayesoma hapo kliniki, nawe bila shaka unayo saa kama hiyo. Niandikie uniambie ni ipi na huwa unaipitishaje. Mistari miwili inatosha. Mpe muuguzi, nikija kupimwa atanipa. Na kama una mtoto nyumbani anayekuogopa, au usiyeruhusiwa kumshika, niandikie na hilo. Nitakujibu.